Hesabu za Kayamba

Nilikuwa naichukia hesabu mpaka naota nikiichukia. Sema utakalo, mtoto aliyechapwa kwa ajili ya sita mara saba hawezi kuipenda sita wala saba. Mwalimu tuliyekuwa naye mpaka darasa la tatu alikuwa na fimbo ya mkwaju, na kila asubuhi aliilaza juu ya meza kabla hata ya kutuamkia. Anauliza, anangoja kidogo, kisha anakuita mbele. Mimi nyumbani nilikuwa na ulimi mrefu, hata wakubwa waliogopa kunichokoza, lakini mbele ya fimbo ile ulimi ulinikauka mdomoni. Jibu nalijua, na jibu halitoki. Nikirudi mahali pangu nakaa upande upande.

Skuli yenyewe ilikuwa ya udongo na makuti, kati ya Diani na Msambweni, mahali ambapo ukitoka uani unakiona kisiwa cha Chale. Madirisha yalikuwa matundu tu, hayana mbao wala nyavu, na kila kilichosemwa ndani kilisikika mpaka njia ya kisimani. Wasichana tulikuwa wachache, tumewekwa mstari wa mbele ili tuonekane wengi mkaguzi akishuka kutoka Kwale. Wavulana walikuwa wa kuja na kutoroka. Maji yakipwa wanakwenda kutafuta pweza, na ukimwuliza mzazi anakwambia afadhali pweza, analiwa.

Pale kwetu darasa la nne ndilo lilikuwa la mwisho. Mwaka ukiisha kuna mtihani. Ukianguka umekwisha, shika jembe. Ukipita, wavulana walipanda Kwale kuendelea, na msichana, kama alitokea aliyepita, alipelekwa skuli ya bweni mbali, ambako hakuna binti wa kijijini kwetu aliyewahi kwenda. Baba yangu alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu ufukweni Diani. Alikuja nyumbani Ijumaa kuswali na watu wake na kurudi kazini kesho yake. Kule kwa tajiri wake aliwaona mabinti wadogo wakisoma vitabu wakiwa wamejilaza kwenye viti vya kamba, na hamu ikamwingia. Aliniambia wazi kwamba mimi nitakwenda bweni. Basi mimi nikawa katikati, baba huyu hapa anataka nipite, na hesabu ile pale haitaki kuniona.

Mama hakusema lolote. Mama alikuwa mtu wa kazi, shamba la mpunga, kisima, kuni, jiko, na mgongoni ana mdogo wangu. Kati yangu na huyo mdogo walizaliwa wawili, na wote wawili tuliwazika. Tangu yule wa pili alipokufa, mama alishikwa na pepo. Kwa asiyejua nitasema jinsi tulivyoyajua mambo hayo kwetu: mwanamke akishikwa, anakuwa kiti, na pepo ndiye anayekikalia. Kila pepo ana wimbo wake. Mganga anakuja na watu wa kayamba, kile chombo bapa cha mabua yaliyofumwa, ndani yake mna mbegu, ukikitikisa kinavuma. Wakipiga wimbo wa pepo huyo, anapanda, anacheza, anasema anachotaka, anapewa, anashuka. Kisha kiti anapumzika miezi. Baba alikuwa mtu wa swala tano na hakuyapenda mambo hayo, lakini alimpenda mkewe, na mara zote alitoa ruhusa akaenda kukaa msikitini mpaka yaishe.

Mwalimu mpya alikuja mwanzo wa darasa la nne. Alikuwa kijana wa Kitaita, Mkristo, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na Kiswahili chake kilikuwa kikavu kikavu cha watu wa milimani. Siku ya kwanza aliingia mikono mitupu. Sisi macho yetu yote yalikuwa juu ya meza tukitafuta fimbo iko wapi. Akatuuliza jambo ambalo hatukuwahi kuulizwa ndani ya nyumba ile: jana baada ya skuli mlifanya nini? Tulidhani ni mtego.

Kidogo kidogo tukamzoea. Alituletea nazi akaipasua mbele yetu, akagawa nusu, akagawa robo, na tuliojibu tulikula. Alitutoa nje tukapima kivuli cha mlingoti wa bendera asubuhi na adhuhuri. Wavulana wa pweza aliwaambia, leteni hesabu ya mashimo mliyochokoa na katika mangapi mlikuta kitu, kisha akaifanya hesabu ile ubaoni kama vile imetoka serikalini. Watoro wakaanza kuja. Nasikia siku hizi walimu wanafundishwa vyuoni kwamba mtoto aanzie anachokijua ndipo apelekwe asichokijua. Vizuri. Yule kijana hakuambiwa na mtu, alikuwa na moyo tu wa kutotaka kuona mtoto akitetemeka mbele yake, na mimi nilimpenda kwa hilo kama nilivyompenda baba.

Lakini kuzidisha kulibaki kumetukwama. Nazi hazikusaidia, kivuli hakikusaidia. Sita tunaifika, saba inatutupa chini. Na mtihani wa darasa la nne ulikuwa umejaa kuzidisha.

Asubuhi moja akaingia na kayamba. Aliiazima kwa mzee mmoja wa njiani aliyezisuka, akidhani ni ngoma ya harusi. Akaitikisa kwa furaha, hata kuishika hajui, na darasa zima likacheka. Akasema, "Watoto, nataka wimbo mmoja ambao nyinyi nyote mwaujua. Nyote, asikosekane hata mmoja. Tutatia namba ndani yake."

Tukatazamana. Wimbo wa kujulikana na wote, kwa kweli, ulikuwa mmoja. Wa harusi wengine waliujua hivi na wengine vile. Wa wavuvi wasichana hatukuujua. Lakini wimbo wa pepo yule wa mama, ambaye alikuwa na viti vitatu au vinne kijijini, kila mtoto aliulalia na kuuamkia, maana kayamba ikipigwa haimwulizi mtu kama amelala. Mvulana mmoja wa nyuma akaanza kuuvumisha puani. Wengine wakadakia. Na mimi nikadakia.

Utaniuliza, hamkuogopa? Nyumbani tusingethubutu. Nyumbani ukiuvumisha wimbo ule huku unaosha vyombo unapigwa kofi la mgongo. Lakini skuli tuliiona ni nchi nyingine. Ndani mle mlikuwa na ramani, na Kiingereza, na picha ya Malkia juu ya ubao. Hata majina yetu mle yaliitwa vingine. Pepo afuate nini mle? Sisi kwa akili zetu tuliamini kwamba vya nyumbani vinaishia kwenye kizingiti cha skuli, kama unavyovua viatu mlangoni mwa msikiti. Hakuna mtoto aliyemwonya mwalimu kwa sababu hakuna mtoto aliyeiona hatari.

Basi akaukamata. Alikuwa na sikio zuri, mara ya tatu tayari anaupiga sawasawa. Akatutilia namba: mbili mara saba, tatu mara saba, mwimbishaji anauliza na kundi linaitika. Wallahi, darasa lile lilipanda moto. Tulitoka tukiimba kimoyomoyo, tukarudi kesho yake kabla ya kengele. Waliokuwa hawajui kusema neno walikuwa wanaimba. Na siku moja akanigeukia mimi, bila kayamba, bila wimbo, akauliza tu kama anauliza saa, "Sita mara saba?" Nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema arobaini na mbili. Ulimi haukukauka. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nadhani nilifanya vyote viwili, maana mwenzangu alinifinya.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kwetu, mtu mzima, kofia ya kazi ya mkono haimtoki kichwani. Yeye aliujua wimbo ule ni wa nani. Siku moja zamu ya kufagia ilikuwa yangu, na niliwasikia barazani.

"Mwalimu," alimwambia yule kijana, "wimbo huo una wenyewe."

"Wimbo ni wimbo, bwana mkubwa. Umeona wanavyojibu? Hata wale watoro."

"Nimeona. Nakwambia tu."

"Basi nikaombe ruhusa kwa wenyewe? Ni nani hao?"

Mwalimu mkuu akakohoa, akasema mambo hayo hayazungumzwi barazani, akaingia ofisini. Basi, ikawa ndiyo onyo lenyewe. Mkaguzi alipokuja na kusikia watoto wa darasa la nne wanajibu kuzidisha bila kuhesabu vidole, aliyepokea mkono wa pongezi ni mwalimu mkuu, na hakusema kwamba wimbo una wenyewe. Alijitia hamnazo. Mtu akiniambia mkosa ni yule Mtaita, mimi humwuliza, na yule aliyejua akanyamaza tumwiteje?

Ijumaa moja yule kijana alikuja nyumbani kwetu. Alimwamkia baba shikamoo kwa adabu, akakaa ukumbini, akasema maneno ambayo nilikuwa nayasikiliza nyuma ya pazia: "Binti huyu atapita. Nikitia mkono wangu na nyinyi mkitia wenu, atakwenda bweni." Baba hakumaliza kucheka siku ile. Alimwita mama alete mihogo ya nazi na chai, akamrudia mgeni mara mbili na tatu, "Sema tena mwalimu, atapita?"

Mama aliweka sinia, akainama kwa heshima, akarudi jikoni. Nikamfuata. Alikuwa amechutama anakwangua ukoko wa chungu, ananipa mgongo.

"Bweni maana yake nini?" aliniuliza. "Kulala huko huko?"

"Ndiyo, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka likizo."

Aliendelea kukwangua. Chungu kilikuwa kimekwisha kuwa safi na yeye bado anakwangua. Nilitaka aseme kitu, lolote, anipongeze au anikataze. Mke kumpinga mumewe mbele ya jambo alilokwisha kulifurahia namna ile, kwetu hakukuwa na mlango wa kupitia. Aliniambia nimwangalie mdogo wangu asichezee moto.

Ikawa siku moja, mtihani umekaribia, mwalimu anataka turudie zote kuanzia mbili. Kayamba ilikuwa mkononi mwake, sisi tumesimama, sauti zimejaa nyumba mpaka makuti yanasikia. Kwa kawaida mama alipita njia ya nyuma kwenda kisimani, mbali na skuli. Siku ile alipita njia ya mbele. Sijui kwa nini. Nilimwona kwenye tundu la dirisha, ndoo iko kichwani, amesimama. Nikafurahi, nataka nikiri. Nilidhani amekuja kunisikiliza. Nikapaza sauti ili ajue yangu ni ipi.

Ndoo ilianguka kwanza. Kisha nikaona mabega yake yanaanza.

Aliingia kwa mlango, macho yametazama juu, mabega yanakwenda na kayamba, anapumua kwa kishindo kama mtu anayetwanga. Wavulana wengine walicheka. Kisha alitoa ile sauti, nzito, ya kukwaruza, isiyokuwa yake, na kicheko kikakatika. Mwalimu alikuwa hajawahi kuona jambo kama lile. Mkono wake ukasita, kayamba ikanyamaza, na mama akaanguka chini vibaya, akajipiga kichwa kwenye mguu wa meza.

Mwalimu mkuu alikuja mbio kutoka ofisini. "Piga!" alimwambia. "Usiache katikati, utamwua!"

Maana ndivyo ilivyo. Pepo ukishampandisha, wimbo haukatwi, unaupiga mpaka ashuke mwenyewe, ukiukata anakivunja kiti. Yule kijana akapiga, jasho linamtoka, midomo imekuwa myeupe. Kayamba peke yake haitoshi, lazima kuwe na waitikiaji. Na maneno ya wimbo ule yenyewe, yale ya wakubwa, sisi hatukuyajua vizuri, tuliujua mdundo tu na namba tulizotiliwa. Basi mwalimu mkuu akatuamuru tuimbe hivyo hivyo. Tukaimba kuzidisha. Saba mara nane, hamsini na sita. Nane mara nane, sitini na nne. Wenzangu wanalia wanaimba, na mama yangu yuko katikati yetu juu ya sakafu ya udongo, leso imemtoka, nywele wazi mbele ya wavulana, anacheza hesabu. Mimi nilikuwa naimba kwa nguvu kuliko wote. Nilikuwa namwomba Mungu tusikosee, maana nilifikiri tukikosea hata moja hatashuka. Tulifika kumi na mbili mara kumi na mbili, tukaanza tena upya.

Alishuka. Wanawake wa kisimani walikuja wakamfunika kanga, wakambeba. Hakunitazama, wala hakumtazama mtu.

Kesho yake darasa lilikuwa tupu. Hata ukisema ulikuwa ugonjwa au jua, nani atakusikiliza? Mwalimu wa chuo cha Kurani alisema skuli imekuwa nyumba ya mashetani. Wenye pepo nao walikasirika kwa upande wao, kwamba pepo wa watu ameitwa kwa mchezo na kafiri, tena mchana, bila ubani. Pande zile mbili zilikuwa hazijawahi kukubaliana jambo hata moja, na safari hii zilikubaliana. Yule kijana aliirudisha kayamba kwa mwenyewe. Nilimwona njiani ameishika kwa mikono miwili mbali na mwili wake, na shati lake siku hiyo halikupigwa pasi.

Mama hakula. Alilala ameelekea ukutani, mdogo wangu akilia anyonye anampa titi bila kumgeukia. Baba aliomba ruhusa kazini akaja. Mganga, bibi mmoja mrefu aliyekuwa akimtazama mama tangu mwanzo, alisema pepo amechokozwa na hana budi kuulizwa anataka nini. Safari ile baba hakwenda kukaa msikitini. Alisema atakaa asikie.

Ilifanywa alasiri, uani kwetu. Mama alikalishwa kwenye kigoda, amefunikwa shuka, ubani unafuka. Yule kijana alikuja akasimama nje ya ua wa makuti, alitaka kuomba radhi, wakamkatalia kuingia lakini hakuondoka, nilikuwa naiona miguu yake chini ya makuti. Kayamba zikapigwa, wimbo ule ule, safari hii na maneno yake yenyewe. Mimi nilijikuta najaza namba moyoni, sikuweza kujizuia. Pepo akapanda.

"Karibu," bibi mganga akamwambia. "Tumekukosea. Sema unachotaka."

Sauti ile ya kukwaruza ikataka shuka nyeupe. Ikataka marashi. Ikataka kuku mwekundu. Bibi mganga anaitika, utapata, utapata. Kisha ikaongeza:

"Namtaka mtoto."

"Mtoto gani?"

"Huyu aliyeuchukua wimbo wangu. Asiende tena kule. Akae na kiti changu."

Nilimtazama baba. Uso wake ulishuka kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Bibi mganga naye akamgeukia, maana jibu ni la mwenye nyumba. Anachotaka pepo hakikataliwi, kila mtu pale alilijua hilo. Ukikataa, kiti kinakufa, na damu ni yako. Mimi nikasema, "Sitaki." Nililisema kwa sauti, mbele ya watu wazima na mbele ya pepo. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akaniziba mdomo kwa kiganja chake mpaka meno yakanikata.

"Nimekubali," baba alisema. Alisimama, akatoka nje ya ua, nikasikia anamwambia yule kijana, "Nenda, mwanangu. Nenda tu." Miguu ile chini ya makuti ikaondoka.

Sasa kuna jambo moja la desturi. Kiti hajui alichosema pepo. Yeye alikuwa hayuko. Akishashuka, analazwa, na hakuna ruhusa ya mtu kumwambia lolote mpaka mganga mwenyewe arudi kesho yake jua likishachomoza, amwoshe uso kwa dawa, ndipo amweleze: pepo wako alisema hili na hili, na tumekubali. Mpaka hapo wote mnafunga mdomo. Na sisi tuliufunga. Baba alilala barazani. Mimi nililala na mdogo wangu. Mama tulimwacha peke yake chumbani na ubani wake.

Asubuhi nilivaa nguo za skuli. Sijui nilitaraji nini. Nadhani nilitaraji bibi mganga apate homa, au anguko, au asahau. Nilijiambia maadamu mama hajaelezwa bado, jambo halijawa. Nikatoka uani.

Mama alikuwa ameamka. Ameketi jikoni, moto umewaka, anakula muhogo wa kuchemsha. Kwa siku zote zile hakutia kitu kinywani, na sasa anakula kwa utulivu, anapuliza, anauma. Nilijawa na furaha, nikamwamkia. Akaitika. Akanitazama kuanzia miguuni, akazitazama zile nguo.

"Zivue hizo," alisema. "Twende shamba, ndege wanamaliza mpunga."

"Leo ni siku ya skuli, mama."

"Skuli imekwisha."

Aliyasema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Nikasimama pale.

"Nani amekwambia?" nikamwuliza.

Mkono wake wenye muhogo ukabaki hewani. Tulitazamana, mimi na yeye, na mimi mtoto ndiye sikuyaondoa macho. Nilimchukia saa ile, sioni haya kulisema. Nilimchukia kwa hesabu zangu zote, kwa saba na nane na tisa, na kwa woga nilioupata sakafuni mwa darasa nikimwombea asife.

Baba akaingia kutoka barazani, kofia iko kichwani, tayari kwa safari ya Diani. Alifurahi kumwona anakula. "U hali gani leo?" akamwuliza.

"Alhamdulillahi."

"Bibi mganga hajafika?"

"Bado," mama alisema. "Kwani kuna neno?"

Alimjibu baba, lakini alikuwa ananitazama mimi. Macho yake hayakuwa ya ukali. Yalikuwa ya mtu aliyeshika kitu cha mwisho alichonacho na anaona mwenzake anaweza kukitwaa. Baba naye akanigeukia, akaziona nguo za skuli, macho yakamwiva. "Mwanangu," alisema taratibu, "hizo zivue. Mama yako ataelezwa baadaye."

Neno nilikuwa nalo mdomoni. Lilikuwa neno fupi: anajua. Ningelisema, baba angeelewa palepale, na kabla ya kengele ningekuwa nimeketi mstari wa mbele, hata peke yangu. Na mama asingepata tena pa kuuficha uso wake, wala kwa baba, wala kisimani, wala mbele ya bibi mganga, wala mbele ya mwanamke yeyote wa kijiji kile aliye kiti kama yeye. Baba alikuwa anangoja niitike. Ulimi wangu ulikuwa mwepesi kabisa, haujakauka hata kidogo.

"Haya, baba," nikasema.

Niliingia ndani nikazivua, nikajifunga kaniki, nikatoka na jembe. Mama alikuwa amekwisha kutangulia njiani na mdogo wangu mgongoni, na hakugeuka kutazama kama namfuata.